Mahali Jua Linapochomoza Kisheria

Kwanza tuelewane. Nchi nitakayoisimulia si yenu. Yenu naifahamu: viongozi wake ni wasikivu, barabara zake hazina mashimo, na raia akiuliza swali hukaribishwa kiti na kikombe cha chai. Hii yangu inaitwa Thabiti na iko mbali sana. Kwa hiyo nikimwona mmoja wenu anacheka kama mtu aliyeitambua, nitajua yeye ndiye mwenye matatizo, na sitamtetea.

Thabiti ina mlima mmoja tu, Mlima Kwembe. Zamani za babu wa babu zetu, watu wetu waliishi upande wa machweo wa mlima huo, na kila asubuhi waliliona jua likichungulia kileleni. Mwasisi wa taifa akaliandika jambo hilo katika Mwongozo, likawa sentensi ya kwanza kati ya arobaini: "Jua huchomoza Mlima Kwembe." Ilikuwa kweli tupu, hata mbuzi angekubali. Kisha mto ukafurika, mji ukasombwa, na taifa zima likahamia upande wa pili wa mlima, kwenye uwanda. Walihama na vinu, mikeka, kuku na Mwongozo. Asubuhi ya kwanza jua likachomozea uwandani, na jioni likaenda kuzama Mlima Kwembe.

Baraza la Wazee likakaa siku tisa kulijadili jua. Siku ya kumi likatangaza kwamba mji unaweza kuhama, lakini Mwongozo hauhami.

Tangu siku hiyo tukawa na Salamu. Kila alfajiri, mkubwa kwa mdogo, tulitoka nje, tukauelekea mlima, tukainua mikono na kusema kwa sauti, "Twaliona!" Jua lenyewe wakati huo lilikuwa linatuchoma visogo. Mbele yetu vivuli vyetu vililala chini, virefu, vikielekea mlimani. Wizara ya Yakini ilikuwa imeshalieleza jambo hilo kitaalamu: kivuli cha raia mwema humtangulia mwenyewe kwa hamu ya kwenda kulilaki jua.

Mimi ni Machano, fundi cherehani. Baba yangu alishona vitambaa vya kisogo, na mimi nikarithi cherehani yake na kazi yake. Kitambaa cha kisogo ni kipande cha nguo kinachoning'inia kutoka kwenye kofia au ushungi hadi mabegani. Katika leseni yangu kiliandikwa "pambo la imani", maana katika Thabiti hakuna aliyewahi kuungua kisogo. Palikuwa na ugonjwa wa ngozi tu, wa kurithi, ambao kwa bahati mbaya taifa zima liliurithi.

* * *

Nilipokuwa darasa la tano nilifundishwa na Mwalimu Ngwali. Alikuwa mwembamba, mwenye shati moja la mikono mirefu alilolifua mwenyewe, na hakupiga mtoto. Siku moja alituambia tuandike katika madaftari yetu jambo lolote tusilolielewa. Wenzangu waliandika hesabu za kugawanya. Mimi niliandika hivi: "Kama jua liko mbele yetu, na kivuli kiko mbele yetu, je, mwili wetu uko wapi?"

Daftari lilirudi na wino mwekundu. Nilidhani nimekwisha. Chini ya swali langu alikuwa ameandika: "Vizuri sana, Machano. Usiache kuuliza, hata ukiniuliza mimi." Akaweka na sahihi yake, ile N yenye mkia mrefu kama wa panya.

Sikuwahi kusifiwa na mtu mzima kabla ya hapo. Nililifunga daftari lile kwa kipande cha kaniki, nikalificha, na miaka thelathini baadaye lilikuwa bado limo ndani ya jora la kitambaa kisichouzika. Siku mbaya nililitoa nikausoma ule wino. Baba yangu mzazi alinipa ufundi, lakini kichwa nilipewa na Mwalimu Ngwali, na nilimpenda kuliko ninavyoweza kusema.

Alipostaafu akawa anakuja dukani kwangu kila Jumamosi jioni. Tulikuwa sita, tukifunga mlango na kuiacha cherehani ikilia ili tusisikike nje. Hatukupanga mapinduzi. Tuliulizana tu. Mwalimu alikuwa na msemo wake: "Msiniamini mimi. Tokeni mkaangalie." Na sisi, mmoja mmoja, tulianza kutoka na kuangalia. Mke wangu Shuwena alikuwa akituletea kahawa na kashata, anasikiliza kidogo, kisha anaondoka.

Usiku mmoja, wageni walipokwenda zao, aliniambia, "Baba Hidaya, huyo Mwalimu wako hapendi maswali."

"Hapendi? Mwenye kutufundisha?"

"Anapenda yake. Leo yule fundi baiskeli kamuuliza kitu, umemwona alivyobadilika uso?"

Nikamwambia ana wivu. Mungu anisamehe, na Shuwena pia, ingawa yeye hajasema kama atanisamehe.

* * *

Sasa nieleze jinsi serikali ilivyoanguka kwa kukosa pazia.

Kila mwaka palikuwa na Salamu Kuu, na Mheshimiwa Mlinzi wa Kilele alihutubia taifa uwanjani. Wananchi waliuelekea mlima. Mheshimiwa, ili awaangalie wananchi, ilibidi aupe mlima mgongo na uso wake auelekeze uwandani, yaani kulekule ambako jua halichomozi. Kwa sababu hiyo jukwaa lake lilikuwa na pazia zito upande wa mbele, lenye tundu la kupitishia sauti. Mwaka ule pazia lilikuwa limeliwa na mchwa.

Niliitwa Wizarani kupima jipya. Karani akatoa fomu. Tukaijaza vizuri hadi tulipofika mahali palipoandikwa: "Pazia linakusudiwa kuzuia nini?" Karani akaishika kalamu, akaiweka.

"Andika upepo," nikamshauri.

"Upepo unahitaji kibali cha Idara ya Hewa."

"Andika vumbi."

"Vumbi katika sikukuu ya taifa? Unataka nifukuzwe?"

Fomu ikapelekwa kwa mkuu wa karani, kwa mkurugenzi, kwa katibu, kwa waziri. Kila mmoja aliisoma, akaikubali kwa jumla, akairudisha ikiwa na nafasi ile ile tupu. Siku ya Salamu Kuu ilipofika ilikuwa bado inazunguka. Jukwaa likabaki wazi.

Mheshimiwa akapanda. Watu wakasema "Twaliona!" Naye akaanza: "Ndugu wananchi wa Thabiti! Nchi zinazotuzunguka zinatangatanga. Leo wanaamini hili, kesho lile. Sisi hatutangatangi! Sisi tulishajua! Na mtu aliyeshajua, ndugu zangu, ana haja gani ya kutazama?" Tukapiga makofi. "Ninapolitazama jua hili tukufu linavyochomoza pale kileleni..." Alipofika hapo jua likamwingia machoni sawasawa. Akapepesa. Akapiga chafya mbili. Kisha, bila kufikiri, kama ambavyo ungefanya wewe au mimi, akainua kiganja akajikinga uso.

Sauti moja nyembamba ikatoka katikati ya umati, sauti ya mtu aliyezoea kusema na watoto.

"Mheshimiwa, unajikinga nini?"

Alikuwa Mwalimu Ngwali. Mheshimiwa alikitazama kiganja chake kama kitu cha mtu mwingine. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka polepole, akatazama uwandani, akasema, "Lo!" Basi tukageuka sote.

Sikilizeni, sitanii hapa. Niliwaona wazee wa miaka themanini wakilia. Waliona rangi ambazo hatukuwa na majina yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kuruhusiwa kuyatafuta. Shuwena alinishika mkono hadharani. Mheshimiwa Mlinzi wa Kilele na wizara yake walipanda magari wakakimbilia mlimani, na inasemekana wapo huko hadi leo wakilisubiri jua, nalo linawafikia kila jioni.

* * *

Kwa muda wa wiki tatu Thabiti haikuwa na imani rasmi. Kila mtu alitoka asubuhi kwa wakati wake, akaangalia, akarudi kunywa uji. Wengine walisema jua ni la Mungu, wengine wakasema ni moto tu, wakabishana sokoni na kuuziana nyanya kama kawaida. Wengine waliendelea kuuelekea mlima kwa mazoea, hakuna aliyewagusa. Nilikosa wateja kabisa, na sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha watu wakasema haiwezekani nchi ikaenda hivi hivi, lazima awepo wa kuisimamia. Wakamfuata Mwalimu Ngwali. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaomba apewe siku ya kufikiri, na mchana wake alikuwa ameshahamia Ikulu. Akaitwa Mwalimu wa Taifa. Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Mimi ndiye niliyemshonea joho, tena nilikataa malipo.

Hotuba yake ya kwanza ilikuwa fupi. "Mwongozo wa zamani ulikuwa na sentensi arobaini za uongo," alisema. "Mimi nitawapa moja ya kweli." Akasimamisha nguzo ya mvule uwandani, imepakwa chokaa, hatua mia moja kutoka kwenye kiti chake. Ilikuwa mwanzoni mwa masika. Alikaa kwenye kiti, jua likachomoza juu ya nguzo barabara, naye akatamka: "Jua huchomoza Nguzoni." Ilikuwa kweli tupu, hata mbuzi angekubali.

Walioketi pembeni walisema wao wanaliona kando kidogo ya nguzo. Wakaelekezwa kwa upole kwamba ukweli unaonekana kutoka kwenye kiti, na kwamba wao waendelee kuuamini kutoka walipo.

Salamu ikarudi, safari hii tukiielekea nguzo. Neno likabaki lile lile, kwa kuwa lilikuwa limeshazoeleka. Jua sasa likatuchoma nyuso, na baada ya mwezi Wizara ya Uwazi ikaniagiza vitambaa elfu arobaini vya uso. Katika leseni mpya viliitwa "pambo la uhuru".

* * *

Ilipofika kipupwe, mwezi wa sita, nikaitwa Ikulu kubadilisha mto wa kile kiti. Nilifika mapema ili nimalize kabla ya Salamu. Fundi akishaweka mto hana budi kuukalia, aone kama sponji imekaa. Nikaukalia. Nikainua macho.

Jua lilikuwa linachomoza kushoto. Si kushoto kidogo. Kati yake na nguzo pangeweza kujengwa shule.

Nikayafikicha macho. Nikarudi kesho yake kwa kisingizio cha vifungo, nikakaa tena. Kushoto. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Shuwena.

"Basi limehama," akasema huku akichambua mchele. "Jua lina miguu yake. Usimpelekee."

"Shuwena, huyu ndiye aliyenifundisha kuangalia. Atafurahi! Nikinyamaza nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Usimpelekee, Baba Hidaya. Nakuomba."

Nilikwenda. Nilivaa kanzu safi, nikajisikia kama mwanafunzi mwenye jibu. Alikuwa peke yake barazani, anakunywa maziwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vipi cherehani?"

"Inalia, Mwalimu. Nimekuja na swali."

Akatabasamu. "Uliza. Unajua mimi na maswali."

"Mbona jua linachomoza kushoto kwa nguzo?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, ila machoni liliondoka. Aliweka bilauri chini taratibu.

"Ulisimama wapi ulipoangalia?"

"Sikusimama, Mwalimu. Nilikaa kwenye kiti chako. Nilikuwa najaribu mto."

Alikaa kimya. Nilidhani anawaza, nikasubiri kwa hamu, maana wakati wa darasa letu la dukani kimya chake kilikuwa ndicho kitamu kuliko vyote. Kisha akasema, "Machano, watu hawa nimewatoa gizani juzi tu. Unataka niwaambie nini? Kwamba nami nilikosea?"

"Si kukosea. Ni kwamba linahama. Tungeangalia tu, kila siku, tukajua linakokwenda..."

"Nenda nyumbani, mwanangu."

Nikaenda. Kabla ya adhuhuri askari wanne walikuwa wamekaa juu ya majora yangu.

* * *

Nilishitakiwa kwa kosa la kukalia kiti cha Taifa kwa nia ya kuona. Kuhusu jua hapakuwa na shitaka, kwa kuwa halikuwepo jambo la kubishania. Wenzangu wa Jumamosi walikuwepo. Mmoja alikuwa hakimu, wengine wazee wa baraza. Fundi baiskeli peke yake hakuonekana, na hakuna aliyeuliza alipo.

Mwalimu mwenyewe aliitwa kama shahidi. Alikula kiapo kwa nguzo. Akasema ananifahamu kwa mbali, kama fundi.

Hapo Shuwena akasimama. Alikuwa amelifungua lile jora lisilouzika. Alitembea hadi mbele akiwa na daftari mkononi, kile kipande cha kaniki bado kinaning'inia, akaliweka mezani mbele ya hakimu.

"Mume wangu hakuasi," alisema. "Alitii. Someni hapo, wino mwekundu. Aliambiwa asiache kuuliza, hata akimuuliza aliyemwambia. Kama ni kosa, basi ni la mwenye mwandiko."

Hakimu akasoma kimyakimya. Nilimwona akiitambua ile N. Alikuwa nayo nyingi nyumbani kwake, maana naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Ngwali. Akampa Mwalimu daftari.

Mwalimu alilishika kwa mikono miwili. Alisoma swali la mtoto wa darasa la tano. Alisoma jibu. Kidole chake kiligusa sahihi, na kwa kitambo kidogo nikaona ule uso wa zamani, nikasema moyoni, amerudi.

Akalifunga.

"Mwandiko si wangu," akasema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi niliimba methali hiyo miaka yote nikishona, nisijue ninajiimbia. Sikusikia hukumu. Shuwena ndiye aliyeniambia baadaye kwamba sikufungwa.

* * *

Hukumu ilikuwa ya busara, nasema hivyo kwa kuwa ninaruhusiwa kusema hivyo. Kwa vile nilikuwa raia pekee aliyejua jua linachomoza wapi, nilipewa cheo. Mimi ni Mtunza Nguzo wa Taifa. Nina kofia, na filimbi ya kuwaitisha watu Salamu. Kila wiki, kabla hakujapambazuka, ninaing'oa nguzo, ninaisogeza hatua chache kulifuata jua, Mwalimu asijue, ninachimba shimo jipya na kulifukia la zamani. Kisha ninatia sahihi tamko kwamba nguzo haijawahi kusogezwa. Ikifika alfajiri watu wanatoka, Mwalimu anakaa kwenye kiti, na jua, kwa utii wa kupigiwa mfano, linachomoza Nguzoni.

Nimeshaifikisha kushoto kabisa, nikairudisha, nikaipeleka kulia kabisa. Mashimo yamejipanga uwandani nusu duara. Hakuna mtu katika Thabiti anayelijua jua kama mimi, na hakuna ninayeweza kumsimulia, isipokuwa Shuwena, ambaye kila nirudipo huniuliza, "Leo limetokea wapi?" nami humwonyesha kwa vijiti juu ya meza.

Wiki iliyopita ulitimia mwaka tangu nguzo isimamishwe, na Mwalimu alikuja kuipaka nguzo mafuta. Masika yalikuwa yameanza, usiku ulikuwa na mvua. Nguzo nilikuwa nimeisogeza siku mbili kabla, na shimo la nyuma yake nililifukia kwa haraka. Alikuja na joho nililomshonea, kibuyu cha mafuta mkononi, wazee wa baraza na watu wote wakimfuata kwa mbali. Nilisimama kando na filimbi yangu.

Hatua chache kabla ya kuifikia, mguu wake wa kulia ukazama hadi gotini.

Hakupiga kelele. Alitazama chini, akaona udongo laini na duara la shimo, na vipande vya chokaa vyeupe kwenye matope. Akatazama nguzo ilipo. Akatazama kulia kwake, akaona duara jingine, na jingine, na jingine, hadi upeo wa macho. Alikuwa mwalimu wa hesabu, jamani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumsaidia.

Akanitazama mimi.

Nilikuwa tayari. Naapa nilikuwa tayari. Kama angeniuliza swali moja tu, hata kwa kunong'ona, hata "Machano, hii ni nini?", ningemsamehe daftari, ningemsamehe kila kitu, ningemwambia yote niliyoyaona miezi yote hii, naye angekuwa mwalimu wangu tena na mimi mtoto wake. Wazee wa baraza walikuwa bado mbali. Tulikuwa sisi wawili tu na mashimo.

Mwalimu Ngwali akauchomoa mguu. Akaufuta tope kwa pindo la joho langu. Akaigeukia nguzo, akainua mikono.

"Twaliona," akasema.

Nikapiga filimbi, kama inavyonipasa, na watu wote wakaitikia.